Moshi Mweusi wa Njia ya Olmotonyi

Gari langu lilianza kutoa moshi mweusi mwaka uleule mama yangu alipoanza kusafishwa damu kwa mashine, na kati ya magonjwa hayo mawili mimi nikachagua kushughulika na lile la gari. Figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Wiki chache baada ya kuanza mashine daktari alinieleza taratibu, kalamu ameiweka chini ili nione kwamba hana haraka: akifikishwa kwenye mashine mara tatu kwa wiki ataendelea kuwepo, asipofikishwa hatamaliza mwezi. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda benki. Nikashukuru, nikatoka, nikawasha gari likiwa bado la moto, nikakanyaga mafuta kwa nguvu, na kwenye kioo nikaona moshi umefunika geti la hospitali na mlinzi anajipepea kwa kofia yake. Hilo ndilo lililoniudhi siku ile. La daktari lilipita, likakaa pembeni.

Kwetu mama huitwa yeyo, na nitaendelea kumwita hivyo. Yeyo aliishi Olmotonyi, juu ya njia ya msitu, kwenye shamba lake la karoti na kabichi kando ya korongo, pamoja na mdogo wangu wa kiume ambaye ndiye aliyebaki na ng'ombe. Mimi nimeolewa na mji, kama watani wangu wanavyosema. Nina duka la dawa za mifugo Kwa Mrombo na nyumba ya kupanga jirani na duka. Siku za mashine nilipanda asubuhi kumchukua, nikamshusha mjini, nikamsubiri, nikampandisha tena mchana akiwa amelala kiti cha nyuma na kitenge usoni.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikukodi teksi. Nilikodi. Wakati wa kurudi yeyo alitapika ndani ya gari la watu, akamwomba dereva msamaha kuanzia Ngaramtoni mpaka mlangoni kwake. Alikuwa mzee wa usharika, mwanamke aliyezoea kuombwa msamaha na wengine. Kesho yake akasema gari la mtu hapandi tena, na yeyo akishasema jambo, jambo hilo limekwisha. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: gari langu lisipopanda, yeyo hashuki, na asiposhuka anakufa.

Gari lenyewe ni la dizeli, la siku nyingi, lina nafasi ya kumtosha mama mrefu kulala bila kukunja sana magoti. Likishuka halikuwa na neno. Kwenye lami ya njia ya mchepuo lilikwenda vizuri tu, hata nikajiona nimesingizia. Lakini tukishaiacha Ngaramtoni na kupanda kidogo, lilianza kukabwa. Nakanyaga mafuta, halivuti. Nazidisha, linamwaga moshi mzito nyuma na nguvu inazidi kupungua, hadi tunatambaa kwa gia ya kwanza huku wanawake waliobeba majani ya ng'ombe wakitupita kwa miguu na kutusalimia. Vijana wa bodaboda pale kwenye kona walikwisha kutuzoea. Mmoja alipenda kuniuliza, "Mama, mkaa wako unauza kwa gunia au kwa debe?" Nilimjibu siku moja tu, na sitaandika hapa nilichomjibu.

"Limechoka," yeyo alisema siku moja kutoka kiti cha nyuma.

"Halijachoka, yeyo. Lina ugonjwa, na ugonjwa una sababu."

"Haya."

Ile "haya" yake niliichukia. Alikuwa akiitumia zamani kwa watoto waliong'ang'ania kwamba hawajalamba sukari.

Fundi wangu alikuwa na gereji ya wazi nyuma ya soko, mtu wa Kilimanjaro, mwingi wa maneno na mwepesi wa kucheka, aliyeamini kwamba hakuna kilichowahi kuharibika kikakosa wa kukitengeneza. Nilimpelekea gari asubuhi, nikamweleza. Akaizungusha injini, akanusa moshi, akafuta mikono.

"Dada, sikiliza," akasema. "Moshi wa bluu ungesema ni oili, mweupe una mambo yake. Huu mweusi ni dizeli ambayo haijaungua ikaisha. Ama mafuta yanaingia mengi, ama hewa inaingia kidogo. Hamna cha tatu."

Niliyapenda maneno hayo kuliko yote niliyoyasikia mwaka ule. Ama hiki ama kile, na hamna cha tatu. Hospitalini kila jibu lilizaa maswali: presha, chumvi, mshipa wa mkono uliokataa, wingi wa maji aliyoruhusiwa kunywa, ambayo yeyo aliyanywa apendavyo. Kwa fundi kulikuwa na milango miwili tu, na mmoja wao lazima ufunguke.

Alianza na mlango wa mafuta. Akatoa nozeli za kunyunyizia mafuta, akazipeleka kupimwa, akarudi ameshika mbili zilizokuwa zinadondosha badala ya kunyunyiza, na uso wa mtu aliyekamata mwizi. Tukaweka nyingine. Gari likanguruma kwa upole, tukalijaribu pale barabarani Kwa Mrombo, fundi akacheka, nikacheka. Siku ya mashine, juu ya Ngaramtoni, moshi uleule. Nikalirudisha. Akasema basi ni pampu, imefunguliwa sana na mtu aliyetaka nguvu za kubebea mizigo. Akaipunguza. Moshi ukapungua kidogo na nguvu nayo ikapungua, na safari hiyo tulipanda mlima polepole kiasi kwamba yeyo aliamka katikati akadhani tumefika. Nikalirudisha tena. Akahamia mlango wa hewa, akachomoa filta na kuipigapiga chini. Vumbi la Terrat, upande wetu wa Kwa Mrombo, ambalo wakati wa kiangazi ni laini kama unga, likamwagika chungu nzima. "Umeona?" akasema. Nikaona. Filta mpya ikaingia, pampu ikarudishwa ilipokuwa, na mlima ukatukatalia vilevile.

Nasimulia haya yote kwa utulivu kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Watu waliniambia nimejikaza, mama mchungaji akanishika mikono akasema Mungu amenipa moyo wa chuma. Si kweli. Sikuwa najikaza, nilikuwa sihisi. Umewahi kuchomwa sindano ya ganzi ili ung'olewe jino, ukaligusa shavu lako ukaona ni la mtu mwingine? Nilikaa hivyo kwa miezi. Nilikula, nilipima dawa za kupe kwa wateja, nilitania. Nilimwangalia yeyo akichomwa sindano mbili nene mkononi, damu yake ikitoka na mpira mmoja na kurudi na mwingine, na nikawa nafikiria nozeli.

Yeye akiwa kwenye mashine mimi nilisoma kwenye simu habari za injini za dizeli. Siku moja nilinyanyua macho nikakuta ananitazama, na sikujua amenitazama tangu lini.

"Unasoma nini?"

"Habari za moshi."

Akafikiri kidogo. "Wamesemaje?"

Nikamweleza. Nikamweleza kwa kirefu, mafuta na hewa, nikimchorea hewani kwa kidole. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kwenye mto, kisha akageukia dirishani. Nesi alipopita akamwambia kwa Kiswahili chake cha kanisani, "Mtoto wangu huyu anajua sana magari." Nesi akacheka. Mimi nikarudi kwenye simu.

Wafugaji wanaokuja dukani kwangu huja na ng'ombe mdomoni. Ng'ombe mwenyewe yuko Monduli au Mirerani, anakuja mwenye ng'ombe na maelezo: hali majani, anakohoa, manyoya yamesimama. Kazi yangu ni kuuliza. Anakohoa wakati gani? Akiwa amelala au akitembea? Alikunywa wapi? Nimejifunza kwamba ng'ombe anayekohoa akipanda kilima huuoni ugonjwa wake akiwa amefungwa zizini, atakutazama tu kama ng'ombe mwenye afya. Ilinichukua muda mrefu wa kijinga kuona kwamba gari langu lilipimwa zizini. Kila mara nililipeleka asubuhi, likiwa la baridi, mahali tambarare. Halikuwahi kuugua mbele ya fundi.

"Twende wote mlimani," nikamwambia.

"Dada, mimi wagonjwa wananifuata."

"Huyu hakufuati. Huyu akikuona anapona."

Alilalamika kuhusu kazi alizonazo, akalalamika kuhusu mvua ambayo haikuwepo. Nikamwambia kama anaogopa mlima aseme. Mtu wa Kilimanjaro humwambii anaogopa mlima. Akatupa sanduku lake la spana nyuma, akapanda.

Tukapita njia ya mchepuo, tukapita Ngaramtoni, tukaanza kupanda. Fundi alikuwa katikati ya hadithi ya bosi mmoja aliyetia petroli kwenye dizeli, na gari lilipoanza kukabwa akanyamaza. Akateremsha kioo, akatoa kichwa, akautazama moshi kwa heshima.

"Simama hapohapo. Usizime."

Tulisimama kando ya misonobari. Akafungua boneti, akaniambia nikanyage mafuta na nishikilie. Nikakanyaga. Injini ikalalamika, moshi ukajaa barabara, na nikamsikia fundi anasema neno la Kichaga ambalo sikulielewa. Kisha akaja mlangoni, akaniondoa kwenye usukani kwa ishara ya mkono.

"Nenda kaangalie mwenyewe. Mpira ule mnene, unaotoka kwenye filta kuingia kwenye injini. Uangalie nikikanyaga."

Nikaenda. Mpira ulikuwa umezungushiwa tepu nyeusi na kufungwa vizuri pande zote mbili. Injini ikiwa ya kawaida ulikuwa wa mviringo, mzima kabisa. Akakanyaga, na mbele ya macho yangu ukaingia ndani, ukabonyea pande zote mbili mpaka zikagusana, kama tumbo la mbwa mwenye njaa. Akaachia, ukajaa tena. Akakanyaga, ukabonyea. Injini ilikuwa inavuta hewa kwa nguvu zake zote na ilivyozidi kuvuta ndivyo ilivyojinyonga.

Akazima, akasubiri kidogo, akaufungua. Akachana ile tepu kwa kisu. Ndani yake kulikuwa na mpira wa kijani.

"Huu si wa gari," akasema. "Huu ni wa maji. Wa kumwagilia." Akauminya. "Umetengenezwa usukumwe kutoka ndani, haukutengenezwa uvutwe. Ukiwa wa baridi unajikaza. Ukipata moto wa injini unalegea. Nani aliuweka?"

Akanipa. Ndani ulikuwa na tope lililokauka na harufu ya korongo la nyumbani. Ningeitambua harufu ile popote.

Fundi alichukua waya mgumu, akauzungusha kwenye mpini wa jeki ukawa duara baada ya duara, akauingiza ndani ya mpira ili usibonyee, akafunga tena. Tulipowasha, gari lilipanda mlima wa Olmotonyi kwa gia ya tatu. Fundi aliimba. Mimi nilitafuta furaha ndani yangu kama mtu anayepapasa funguo mfukoni, sikuiona, nikasema, "Fundi, wewe ni kiboko."

Nyumbani, fundi alimwamkia yeyo shikamoo, akapewa kiti na kibuyu cha maziwa mgando, akaanza kumweleza habari yote ya mpira. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba kumtafuta mdogo wangu. Nilimkuta anakata migomba ya ng'ombe.

"Wewe ndiye uliyeweka mpira wa maji kwenye gari?"

"Ile wiki ulipokwenda Dodoma ukatuachia gari," akasema, bila kusimamisha panga. "Wa gari ulipasuka. Ilikuwa siku ya mashine, ningetafuta wapi mwingine? Nikafunga huo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Lilikuwa linatembea."

Ndivyo wanaume wa kwetu walivyo. Ng'ombe akifungwa kamba akatulia, kamba ile haizungumziwi tena. Nilikuwa nimeanza kumpa maneno yake, na kwa kweli nilikuwa nayo mengi, ndipo akaongeza:

"Mimi nilitaka kukata kipande kidogo tu, huku mwisho, ili unaobaki umtoshe yeyo kuendelea kumwagilia. Yeye akasema kata popote, na unaobaki mpe jirani. Akasema halimi tena."

"Alisema lini?"

"Siku hiyohiyo. Nilidhani amekuambia."

Nikageuka nikatazama bustani. Kilikuwa kiangazi, wakati ambao yeyo huwa na kabichi zilizofunga na karoti za kupeleka sokoni, wakati ambao wengine wote hawana. Matuta yalikuwa yameota majani mpaka magotini. Mashine ya maji ilikuwa stoo, imewekewa magunzi juu. Mimi nilikuwa nafika pale mara tatu kila wiki. Nilikuwa nasimama uani, nafungua mlango wa gari, namwingiza yeyo, naondoka. Narudi, namshusha, naondoka. Nyuma ya nyumba sikuwa nimefika hata mara moja tangu augue.

Mtu anayegawa mpira wake wa kumwagilia wakati wa kiangazi ameshaamua. Nililielewa hilo palepale, sikuhitaji kuelezwa. Nikasema "haya", nikamrudisha fundi mjini, na njiani tukazungumza habari za wapi pa kupata mpira halisi.

Tuliupata kwenye duka la vipuri vya mtumba, mzima, mgumu, wa gari hasa. Siku ya mashine iliyofuata niliondoka mapema. Gari lilipanda safi. Yule kijana wa bodaboda kwenye kona alinyanyua mikono kuuliza mkaa umekwisha, nikampigia honi. Nilifika uani nikaacha injini inanguruma, makusudi, ili yeyo asikie ilivyo laini. Nilikuwa nimejipanga cha kumwambia, maneno ya haraka ya mtu mwenye ratiba.

Alikuwa ameketi mlangoni na ungo mapajani, anachambua maharage. Alikuwa amevaa nguo za nyumbani. Nikainamisha kichwa kumwamkia, akanigusa utosini kama alivyonigusa tangu nikiwa mtoto.

"Yeyo, hujavaa. Tutachelewa."

"Leo siendi."

"Gari limepona."

"Nimelisikia. Nimelisikia tangu kule chini." Akatoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. "Limepona vizuri. Mshukuru yule fundi."

"Basi twende."

"Nikitoka kwenye mashine nalala, mwanangu. Nikiamka ni siku ya kwenda tena. Sijaona shamba, sijaona ng'ombe, kanisani nimekuwa mgeni. Nimezungumza na mchungaji, nimezungumza na mdogo wako. Wewe ulikuwa na gari."

Hapo nilikasirika. Hasira ilitoka wapi sijui, maana nilidhani sina hata hiyo. Nilimwambia nimehangaika miezi, nimepanda mlima huu na moshi watu wananicheka, nimetoa nozeli, nimetoa pampu, kumbe yeye mwenyewe ametoa mpira wake na kukaa kimya. Nilimwambia anajua asipokwenda ni nini kitatokea. Sauti yangu ilisikika mpaka zizini. Yeyo aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Ninajua," akasema. "Daktari aliniambia kabla hajakuambia wewe."

Nilisimama pale, na nyuma yangu gari linanguruma bila kosa lolote. Yeyo aliweka ungo chini. Alinitazama usoni kwa muda, kama alivyonitazama siku ile kwenye mashine.

"Sasa kama hatuendi hospitali," akauliza, "utakuwa unakuja?"

"Nitakuja, yeyo."

"Lini?"

Nilikwenda nikazima injini. Nikarudi, nikavuta kigoda, nikateka maharage kwa viganja vyote viwili nikaanza kuchambua upande wangu. Mengine yalikuwa yananidondoka kwenye vumbi. Yeyo aliyaokota moja moja, akayarudisha kwenye ungo.